Jina la Mgongoni

Saa moja asubuhi niliondoka Uthiru na kitabu kwapani. Ni kaunta buku nyeusi yenye orodha ya kila mtoto aliyewahi kuchezea Kokoto, timu yetu ya uwanja wa changarawe. Mimi ni katibu wake, kocha wake na mfua jezi wake, na cheo cha tatu ndicho kinachonichosha. Mchezaji wetu wa zamani, Dismas, alikuwa amenunuliwa na klabu moja ya Ubelgiji. Kanuni za mpira wa dunia zinasema mchezaji akiuzwa nchi ya nje, kila timu iliyomlea tangu akiwa na miaka kumi na miwili iandikwe katika rekodi yake na ipate fungu lake. Akademia moja ya Lavington ilikuwa imejiandikia miaka yote. Fungu ningelipokea kwa mikono miwili, sisemi uongo, lakini kilichonichoma ni jina letu kufutwa. Wakili wa Wabelgiji, mwenye ofisi mjini, alikuwa anafunga orodha saa nane mchana.

Dagoretti, saa mbili. Bodaboda ilinishusha karibu na machinjio, kwenye meza ya mamake Dismas, anayeuza matumbo. Nilitaka barua ya kuthibitisha kwamba mwanawe alianzia kwetu. Alinawa mikono, akaandika kwa mwandiko mzuri, lakini hatukuongea kwa raha. Miaka ile mimi ndiye niliyempachika mwanawe jina la Matumbo. Mama alikuja uwanjani na aproni yake, akaniuliza mbele ya timu nzima kama nilikuwa namcheka mtoto au naicheka biashara yake. Nilimwomba radhi, ila jina lilikuwa limeshashika. Katika barua aliandika Dismas peke yake. Lile lingine hakulitia, nami sikuthubutu kumwomba.

Lavington, saa nne. Niliona afadhali niwaombe wenyewe waseme ukweli. Askari aliniandikisha langoni, lango lile lile nililomfikisha Dismas akiwa na miaka kumi na sita, akaningojesha kwenye benchi hadi saa sita. Meneja alinipokea vizuri, akaniletea juisi ya pasheni, akafungua faili lenye picha, cheti cha kuzaliwa na mihuri. Hakukana kwamba kijana alipitia kwetu.

"Lakini mpira wa dunia unaendeshwa na makaratasi, Madam," alisema, "na sisi tuko nayo."

Nilimaliza juisi yake yote, nisimwachie hata tone, nikaaga.

Mjini, saa saba na nusu. Bodaboda haziruhusiwi katikati ya jiji, kwa hiyo nilitembea kwa haraka kutoka barabara kuu, nikapanda ngazi ghorofa nne kwa sababu lifti ilikuwa na watu wengi. Wakili, Bi Jaspreet, alinipa maji kabla ya kuniuliza lolote. Alisoma barua, akafungua kitabu, akapekua kurasa nyingi.

"Madam, hii kitabu yako iko na Matumbo kila mahali. Dismas ako wapi?"

Kwetu hakuna anayeitikia jina la cheti. Ukiita Dismas uwanjani hageuki mtu. Ukiita Matumbo, pasi inakuja. Kwa hiyo niliandika nilivyoita, na hata karatasi za mechi zilizosainiwa na waamuzi zilikuwa hivyo hivyo. Miaka minne ya kazi yangu, na mwenyewe hayumo.

Wakili hakuwa na ubaya. Alinieleza kwamba jina la utani si ushahidi, akageuza kompyuta ili nione faili lilivyo. Picha za kumtambulisha Ubelgiji zilikuwa zimeingia asubuhi hiyo na hakuwa amezifungua. Ya kwanza Dismas anatabasamu. Ya pili ameshika skafu. Ya tatu ametupa mgongo, na juu ya namba nane wameandika MATUMBO.

Nililia pale pale, wala sioni haya kusema. Bi Jaspreet alimpigia simu Dismas, akaweka spika, akamuuliza mbona hakuweka jina la babake.

"Hiyo ndio job ya mathe," sauti ilijibu. "Ndio ilinilea. Na Madam wa Kokoto ndiye alinipatia jina, enyewe muulize."

Saa nane kasoro dakika tano, Kokoto ya Uthiru ikaingia kwenye orodha. Miaka yote minne.

Nilirudi kwa njia ya Dagoretti, ingawa ni mzunguko. Kwenye kitabu changu sasa kuna safu mbili, jina la cheti na jina analoitikia mtu, na hilo nimejifunza nikiwa na mvi. Lakini siku ile sikuwa nafikiria safu. Nilimwonyesha mamake Dismas picha ambayo wakili alinitumia kwenye simu. Alijifuta mikono kwenye aproni, mbele na nyuma, akaishika simu kwa ncha za vidole. Anajua kusoma kuliko mimi.

"Nisomee," aliniambia.

Nikamsomea.

"Soma tena," alisema, "na hawa wa meza zingine wasikie."