Mwenye Chakula Hula Mwisho

"Hakuna mtoto asiyekula. Kuna mama asiyejua kupika."

Maneno hayo aliyasema Bi Khairiya kwenye kikao cha wazazi, kasimama, mbele ya mwalimu mkuu, kamati ya skuli na kina mama waliojaza nusu ya darasa. Mwalimu alikuwa kaomba tu wazazi wawafungie watoto chakula cha maana, badala ya kuwapa pesa za kununulia biskuti na juisi za pakti mlangoni mwa skuli. Mama mmoja akalalamika kwamba wa kwake akikuta kiazi kitamu ndani ya kopo hulifunika tena kama kaona nge. Bi Khairiya hakungoja kupewa ruhusa ya kusema. Walionuna walinuna, lakini Konde nzima washakula pilau lake. Yeye ni mpishi wa shughuli: harusi, hitima, maulidi. Ukimwambia wageni mia mbili, anakuuliza na wale watakaokuja bila ya kualikwa umewaweka wapi.

Haikupita muda, binti yake Mwanamize, wa miaka minane, akaanguka mstarini asubuhi wakati wenziwe wanaimba.

Kwenye kituo cha afya muuguzi, Bi Masuma, alimfunua mtoto kope, akamtoboa kidole, akasema damu ni tisa. "Dawa ya minyoo nampa, vidonge vya damu nampa. Kilichobaki ni chakula, na hicho mie sina. Nataka kuiona kumi na moja. Ikishuka, tunamlaza."

Sasa kumlisha Mwanamize si jambo jepesi. Asubuhi hawezi kutia kitu tumboni, ukimlazimisha anatapika. Akitoka skuli huenda chuoni kusoma Kurani. Akirudi jioni anasinzia juu ya sahani, kidole bado kimo kwenye mchuzi. Wakati pekee anaoweza kula akashiba ni mapumziko ya skuli. Kwa hiyo damu yote ya mtoto ilikuwa inategemea kopo la plastiki la kijani.

Bi Khairiya akaingia jikoni kama anayempikia waziri. Alitengeneza katlesi: mbatata kidogo, dagaa wa kusaga, kisamvu kilichotwangwa mpaka hakijijui, kitunguu, ndimu, kisha akazichovya kwenye yai na kuzikaanga. Pembeni akaweka chungwa lililomenywa, maana Bi Masuma alimwambia chungwa linakisukuma chakula kiende kwenye damu. "Mtoto humkataa dagaa kwa macho," alinieleza, "ulimi wake hauna habari." Mie jirani yake, nilikuwa nimesimama dirishani naombea moja ianguke.

Kopo likarudi tupu. Siku ya pili tupu. Wiki nzima, tupu.

"Umeliona?" akanionesha. "Limerambwa."

"Nimeliona, Bi Khairiya."

"Basi nenda kaliandike kwenye hiyo stashahada yako ya lishe uliyoiacha njiani."

Mwezi ulipokwisha wakarudi kwa Bi Masuma. Kidole kikatobolewa. Damu ilikuwa imeshuka kidogo chini ya tisa.

"Anakula huyu?" akauliza Bi Masuma.

"Kopo linarudi jeupe kila siku."

"Nimekuuliza mtoto, Bi Khairiya. Kopo sina haja nalo." Akaandika kwenye kadi. "Nilisema ikishuka tunamlaza, lakini imeshuka kidogo; nakupa mwezi mmoja tu. Isipopanda, njoo na nguo zake."

Kesho yake Bi Khairiya akaniambia nitoe vespa yangu. Tukafika skuli wakati wa mapumziko, tukajibanza nyuma ya ukuta wa choo, mahali ambapo mtu hajibanzi kwa hiari. Mwanamize alikuwa kakaa chini ya kivuli na wenziwe saba. Akalifungua kopo, akalisogeza katikati, akasema, "Karibuni." Mikono saba ikaingia. Kulikuwa na kijana mmoja mnene, Haitham, aliyekula kwa utulivu kama mzee wa harusi, akichagua zilizoiva vizuri. Mwanamize alishika mfuniko magotini na kusubiri. Walipomaliza akafuta chenga za katlesi kwa kidole, akakilamba, akalifunga kopo.

Nilimtazama Bi Khairiya. Sijawahi kumwona mpishi akasirike kwa sababu chakula chake kimependwa.

Jioni, kabla mtoto hajasinzia, alimshika.

"Kwa nini usile kwanza wewe?"

"Wao wageni, mama."

"Wageni wa nani? Mnakaa darasa moja."

"Kopo langu. Mwenye chakula hula mwisho."

Sentensi hiyo ni ya Bi Khairiya mwenyewe. Mwanamize kakulia shughulini, anaosha sahani pembeni ya mama yake tangu hajafika kwenye ukingo wa karai. Kila harusi kaambiwa: usitie kitu mdomoni mpaka wageni waondoke, mwenye chakula hula mwisho. Na kila harusi kamwona mama yake akila ukoko saa ambazo watu washalala. Mtoto kashika somo. Ni hesabu tu ndiyo haishiki.

"Kesho," akasema Bi Khairiya, "geukia ukutani, ule, usimkaribishe mtu."

Kopo likarudi limejaa, katlesi zote zimelala kama zilivyopangwa.

"Niliona haya."

"Haya ya nini?"

"Haitham alinitazama."

Bi Khairiya akatoka nje akaja kukaa kwenye kibaraza chetu. "Huyu nimemlea mwenyewe," akasema. "Ningemwachia walimwengu wanilelee, leo angekuwa anakula."

Akapata akili nyingine: chakula cha kufukuza wageni. Muhogo mkavu wa kuchemsha, mchicha bila ya chumvi, yai gumu. Wenziwe wakaonja, wakashukuru, wakarudisha. Haitham alimpa Mwanamize pole na kumuuliza kama nyumbani kuna msiba. Mwanamize naye hakukigusa. Mwanamke aliyepika miaka yote hiyo bila ya kuharibu chungu kapika kibaya kwa makusudi, na hata hicho hakikumsaidia. Siku hiyo alimsema paka, akamsema muuza mkaa, na mie nilipita mbali.

Ikabaki njia ya kina mama. Alikwenda kwa Bi Asma, mama yake Haitham, kumwomba kwa upole kwamba kila mmoja amfungie wake, watoto wakikaribishana itakuwa sawa kwa sawa. Bi Asma alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso.

"Si ulisema kuna mama asiyejua kupika? Basi ndiye mie. Nimfungie nini?"

"Chochote cha maana, Bi Asma. Mwanangu hana damu."

"Pole sana, mwaya. Nitamfungia."

Na kweli akamfungia, na wenzake wote wakafunga, jambo likatangazwa mpaka kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Makopo manane yakafunguliwa kivulini: biskuti, mabanzi ya sukari, chipsi baridi, juisi nyekundu isiyo na mnasaba na tunda lolote. Mwanamize akakaribisha, na yeye akakaribishwa mara saba. Kukataa karibu ya mtu nako ni ukosefu wa adabu, hilo pia alifundishwa kwao. Akaonja kila kopo, akafika nyumbani ulimi mwekundu, tumbo limevimba. Katlesi zake walikula wageni.

"Nimewaomba chakula," Bi Khairiya akasema, "wakanipa sukari. Na siwezi kuwagombeza, wamefanya nilichowaambia."

Mwezi alioupewa ulikuwa umefika nusu. Nguo za mtoto alikuwa keshazikunja, zimo ndani ya mkoba nyuma ya mlango. Alfajiri moja nikasikia kinu. Nilipochungulia alikuwa kawasha jiko la shughuli, lile kubwa la kuni, na karai lake la harusi liko juu. Alikuwa anapika kwa ajili ya wanane, na wawili zaidi ambao hawakualikwa.

Tokea siku hiyo Mwanamize huenda skuli na ndoo ndogo yenye mfuniko, kama anayekwenda kisimani. Anaifungua, anakaribisha, wenziwe wanakula mpaka wanasema alhamdulillahi na kuegemea nyuma. Makopo yao wenyewe hawayafungui tena, biskuti zinarudi nyumbani. Ndipo Mwanamize huinamia ndoo. Chini zinabaki tatu, siku nyingine nne. Anakula mwisho, lakini anakula.

Mwezi ulipotimia, Bi Masuma akatoboa kidole. "Tisa na nusu," akasema. "Mkoba urudishe nyumbani. Lakini mie nimesema kumi na moja."

Shukurani hazijafika. Iliyofika ni salamu ya Haitham, aliyomtuma Mwanamize: mwambie mama katlesi za Jumatatu zilipungua ndimu. Na Bi Asma tulikutana naye njiani, akasimama akamshika Bi Khairiya mkono. "Haitham wangu siku hizi kanawiri, mashaallah. Nadhani ni ile dawa ya minyoo waliyopewa skuli."

Bi Khairiya alisema mashaallah. Nilimsikia, meno yalikuwa yamefungwa.

Juzi nilimkuta uani anachambua dagaa kwenye ungo, anatoa mchanga na vichwa. Nikamuuliza kama damu ikifika kumi na moja ataacha kuwalisha watoto wa watu.

"Nikiacha, itarudi tisa," akasema. "Mwanamize yumo darasa la tatu, ana miaka minne mbele yake skuli hiyo hiyo."

"Na wenziwe?"

"Watakuwa pale pale. Watakwenda wapi, wamepata mpishi?"

Akauinua ungo, akapepeta, akautazama kama unamdai. Kilo ya dagaa sokoni Konde ni shilingi elfu kumi na mbili.