Kisigino Kisicho Changu

Jiwe liliponipasua kisigino kwa machimbo ya Juja, nyapara alikipaka grisi ya mashine akanirudisha kazini. Ni yeye aliyekiozesha, si Mungu.

Huko Thika, daktari alitoa uozo wote, kisha akageuza kipande cha nyama ya shavu la mguu huohuo, bila kukata mishipa yake ya fahamu, akaziba shimo. "Hiyo nyama ikikufa, mguu tunakata," akasema.

Bandeji zilipotolewa, nesi alinifunga macho na leso.

"Mzee, nakugusa wapi?"

"Kwa shavu la mguu."

Akacheka. "Nimeshika kisigino! Nyama iko hai, mguu umebaki wako."

Hadi leo, nzi akitua kisiginoni, mkono wangu humfukuza huku juu, kwa kovu la shavu la mguu, mahali hayuko.