Buto Nyekundu Chini ya Ngazi

Ngazi ya umeme ilikamata bidole yangu ya muguu na haikusimama. Nililala pale, mu nyumba moja ya maduka pa Lubumbashi, mashine inakula muguu ya kuume, na gérant Didier, musimamizi wa ile maduka, alikuwa anasema tu: « Mama, juu ya nini ulitosha biatu ku miguu? Hapa si mu salo ya nyumba ya mutu. » Ilisimama tu wakati balikata kuran, ile umeme ya nyumba yote. Bidole bibili bilikuwa bimeshaenda.

Ni kweli, nilitosha biatu. Ile ngazi ilikuwa inang'aa, na kwetu mu mutaa ya Kamalondo haukanyage na biatu pahali pa kung'aa. Lakini Didier alieneza mu muji akisema ni ujinga yangu, eskalatere, ile ngazi ya umeme, ni ya bantu ya kusoma. Mimi ni mushonaji. Pedali inataka muguu. Nikasema: nitaenda kuona ngazi ya bengine, nijue kosa ni ya nani.

Saa kumi na mbili asubui, bisi. Pa Kasumbalesa, ku mupaka ya Zambia, tulisimama mu mustari mpaka jua ikafika ku kichwa. Usiku nikafika Lusaka kwa mudogo wangu wa kike Feza, anasafisha mu nyumba ya maduka kule.

« Yaya, dada yangu, utapanda? » Feza akauliza.

« Nitapanda. Na biatu. »

Kesho yake, chini ya ngazi, mulinzi alituelezea mu Kibemba: « Mama, hii neno eskaleta, zamani ilikuwa jina ya mashine ya kampani moja tu. Sasa mu Kingereza ni ya bote, hata bei ikipanda banasema vile. » Akainama, akanionyesha buto nyekundu. « Mutu akikamatwa, finya hapa, inasimama. Kwenu haiko? »

Iko, nikafahamu sasa. Ni fasi ile ile Didier anapangaka masanduku ya limonadi.

Nilipanda mara saba. Mara ya kwanza Feza alinishika mukono. Ya pili nikamufukuza.

Siku ya ine, Lubumbashi. Sikupita ku nyumba. Nilifika ku ile ngazi na mufuko ya safari ku kichwa, nikasukuma masanduku, nikangoja mutu wa mwisho ashuke, nikafinya. Ngazi ikasimama, kimya. Mama mumoja akasema: « Kumbe inasikiaka. » Bengine bakapiga makofi. Didier alikuya mbio.

Lelo nashona na muguu ya kushoto. Nilijifunza hii: kosa ya biatu ni yangu, lakini buto sikuifunika mimi. Gérant Didier, na wewe patron Justin mwenye ile nyumba: nani kati yenu aliamuru masanduku ikae pale? Sitaki pole. Nataka jina, mbele ya bantu bote balioniona chini.