Kisiwa Tulichokifunga kwa Kamba za Ng'ombe

Msinicheke. Nina miaka kumi na saba, niko kidato cha tatu, ndevu zangu ziko saba na nazijua kila moja, lakini na mimi nina enzi zangu. Wazee wakikaa wanasema enzi zetu hivi, enzi zetu vile, utadhani wao peke yao ndio waliowahi kuwa wadogo. Leo ni zamu yetu sisi tuliozaliwa juzi, na mimi naanza na Nyasaungu.

Nyie mliokulia mjini Mkuyuni hamuijui. Nyasaungu ni ulimi wa mawe na mchanga ulioingia ziwani; ukienda huko unaacha lami pale Usagara na kwenda, na kwenda, mpaka ng'ombe wawe wengi kuliko watu. Nyumba zilikuwa mbalimbali kiasi kwamba ukitumwa chumvi kwa jirani, unarudi mboga imeshaliwa chapwa na vyombo vimeoshwa. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa anaitisha mkutano, anaangalia kushoto, anaangalia kulia, anatangaza kwamba akidi haijatimia, kisha anakwenda zake kuchunga. Mwaka mzima akidi haikutimia, na hakuna kilichoharibika.

Lakini asubuhi zake! Ziwa linakuwa jeupe kama maziwa ya jana, halina hata mkunjo. Kwa mbali wadudu wa ziwani wanapanda juu kama moshi wa jiko la mtu asiyeonekana. Mnandi wamesimama juu ya mawe wameanika mabawa, mfano wa mtu mwenye koti moja aliyelifua. Harufu ya dagaa mchangani inakuingia puani kabla hujafungua macho, nawe hujui bado kama umeamka au unaota kwamba umeamka. Mfukoni una michembe, vile viazi vitamu vikavu ambavyo ukivitafuna safari nzima taya linaota misuli. Watoto wa siku hizi wanakula biskuti zinazoyeyuka zenyewe mdomoni, ndiyo maana hata kubishana hawawezi, wanachoka mapema.

Upande wetu wa rasi, watoto wa rika letu tulikuwa wanne. Kulwa na Doto, mapacha, kaka zangu. Mimi Shija, jina la anayezaliwa baada ya mapacha, yaani hata jina langu ni la foleni. Na Tabu, binti wa jirani, aliyenizidi mwaka mmoja na akili zote. Wanne ndiyo hesabu kamili ya rede: wawili wanarusha mpira wa soksi, mmoja yuko kati anakwepa, na wa nne ni mashabiki. Sikusema shabiki. Doto peke yake alikuwa mashabiki, anashangilia pande zote mbili na kuzomea pande zote mbili, mpaka sauti inakauka.

Shule yetu ilikuwa shikizi, tawi dogo la shule ya mbali, chumba kimoja, mwalimu mmoja. Darasa la kwanza liliangalia ukuta huu, la pili ukuta ule, la tatu ukuta wa nyuma. Ukuta wa nne ulikuwa na mlango, na mimi niliamini kabisa kwamba ndiyo sababu hatukuwa na darasa la nne.

Sasa Tabu akamaliza la tatu. Shangazi yake wa Mkuyuni akatuma ujumbe: mleteni mtoto kabla shule hazijafunguliwa. Barabara ilikuwa imekatwa na mvua, kwa hiyo angeondoka na boti la Jumatano, ambalo ndilo lilituunganisha na dunia. Mama Tabu akaanza kukunja nguo. Mimi nikaanza kuumwa tumbo ambalo bibi alilinywesha dawa tatu na halikuthubutu kupona.

Jumanne asubuhi tukaamka, ziwa halipo.

Nasema kweli. Mbele ya mawe yetu, pale palipokuwa maji jana yake, palikuwa na nchi. Kipande kizima cha mafunjo na magugumaji kilikuwa kimekatika huko kwenye vinamasi, kikasukumwa na upepo, kikaja kutia nanga kwetu na udongo wake, na yangeyange wake weupe, na kenge mmoja mnene aliyelala juu yake kana kwamba amelipia nauli. Mafunjo yalikuwa yanapumua, yanapanda na kushuka taratibu, na ukikaa ukiyaangalia sana unahisi ni wewe unayesafiri. Wakubwa walikasirika kwa sababu mitumbwi haikuweza kutoka. Sisi tulikaa juu ya mawe midomo wazi. Kenge tukamteua kuwa mkuu wa wilaya, maana alikuwa analala saa za kazi.

Jumatano boti likaja, likapiga honi nje ya kisiwa, likazunguka kushoto, likazunguka kulia, mwenye boti akapunga mkono, akageuza. Mama Tabu akarudi nyumbani na sanduku kichwani.

Mimi tumbo likapona palepale.

"Kikikaa, Tabu anakaa," niliwaambia mapacha. "Tukifunge."

"Kwa nini?" akauliza Kulwa. Alimaanisha kwa kitu gani.

"Kamba za ng'ombe."

"Ng'ombe mwenyewe anazikata, sembuse nchi?"

Doto akafikiri. "Nchi haina pembe," akasema, na huo ukawa mwisho wa mjadala.

Tukaunga kamba tatu. Upande mmoja tukazungushia shina la mafunjo manene, upande mwingine mimi nikafunga kwenye jiwe, fundo lile baba alilonifundisha la kufungia dume, ambalo likivutwa linazidi kukaza. Jioni baba akauliza, "Kamba zangu ziko wapi?"

"Zimefunga kisiwa," nikasema.

Akageuka akatazama zizi. "Na ng'ombe wamefungwa na nini?" Akacheka mpaka akakaa chini, kisha akaenda kusokota nyingine. Baba alikuwa hivyo. Wazazi wa siku hizi wangepiga picha kwanza.

Siku zilizofuata zilikuwa tamu namna ambayo mpaka leo sijui kuieleza. Tulicheza rede kutwa. Jua lilipita polepole kama limetumwa na halitaki kwenda. Kila asubuhi nilikimbia kukagua fundo langu, nikaligusa, nikarudi nikitembea kama mwenye ziwa.

Wiki iliyofuata, Jumanne, nikamkuta Tabu pale kwenye jiwe. Gauni limelowa mpaka kiunoni, analing'ata fundo kwa meno.

"Tabu! Unafanya nini?"

"Nafungua."

"Kitaondoka, we!"

"Si ndiyo nataka kiondoke." Akatema uzi wa katani. "Shule zimefunguliwa jana, Shija. Wenzangu wako la nne saa hizi. Mimi niko hapa naangalia kenge."

"Si utasoma hapahapa na sisi."

Akaniangalia. "Niangalie ukuta upi?"

Tabu akarudi kwenye fundo, akavuta, nalo likazidi kukaza, akavuta tena, kucha ikakatika, akaanza kulia bila sauti huku bado anavuta. Asingeweza kulifungua hata angekaa pale mpaka Pasaka. Lazima uisukume kamba nyuma kwanza, na hilo nililijua mimi.

Nikakaa juu ya jiwe. Nilikaa sana. Mnandi mmoja akaruka, akaenda, akarudi na samaki. Kisha nikamwambia, "Sogea," nikaisukuma kamba nyuma, na fundo likaachia kirahisi hata likanitia hasira.

Tukasimama tuone kisiwa kikiondoka. Hakikuondoka. Kilikaa vilevile, kama mgeni aliyesikia kuku anakimbizwa. Jumatano boti likaja tena, likageuza tena, na mimi ndiye niliyelia safari hii, kwa sababu nilielewa kwamba kamba zetu hazikuwahi kushika kitu chochote. Jumamosi upepo wa nchi kavu ukaamka mapema kuliko sisi. Tulipofika mawe yalikuwa yanaangalia maji matupu.

Tabu aliondoka Jumatano ya tatu na sanduku lake la bati. Boti lilipokuwa linageuka akasimama, mama mmoja akamshika gauni asianguke, na Tabu akapiga kelele: "Doto! Sasa na wewe utacheza!"

Na kweli alicheza. Rede ya watatu, kimya, hakuna wa kuzomea.

Baadaye mapacha wakaondoka, kisha mimi. Siku hizi Kulwa na Doto wako Usagara wanajifunza ufundi wa pikipiki, mimi nakaa Nyegezi kwa baba mdogo, na Tabu yuko palepale Mkuyuni, kidato cha nne, ana simu. Mtoto wa baba mdogo ana miaka minane na anaamini kwamba mtu akiwa mbali maana yake bando limemwishia. Namcheka sana. Kisha nachukua simu yangu, naona Tabu amesherehekea siku ya kuzaliwa, naweka alama ya moyo, nageukia upande wa pili.

Kati ya Nyegezi na Mkuyuni hakuna kinamasi wala maji. Ni lami mwanzo mwisho, hata kwa miguu unafika kabla jasho halijakauka. Na huu ni mwaka wa pili sijamwona.