Msimu wa Nguruwe Wanono

Mafuta ya nguruwe yakidondokea makaa hutoa harufu ambayo Kampala nzima, ukiwatoa Waislamu na mimi, huipenda kupita manukato. Jioni yoyote ukipita Kansanga utaikuta: moshi umetanda juu ya barabara ya Ggaba, vijana wamejipanga kwenye mabenchi wakisubiri nyama yao na mihogo, na mchomaji anapepea makaa huku akipiga soga. Mimi nikifika hapo huziba pua kwa mtandio na kuongeza mwendo. Wanaonijua hunicheka, wengine hudhani nimesilimu kimyakimya. Sijasilimu. Nguruwe nimemla utotoni, nimemla kwa raha zangu zote, nikalamba vidole na kuomba kuongezwa, na hicho ndicho kinachonitia kinyaa mpaka leo. Watu wa rika langu wakianza kusimulia jinsi wanyama walivyorudi karibu na mji siku zile za wanajeshi, na jinsi wawindaji walivyofaidi, mimi hunyanyuka na kuwaachia chai yao.

Tulikaa Luzira, katika nyumba za polisi, bati kwa bati, mteremkoni kuelekea bwawa la mafunjo linalokwenda kukutana na ziwa. Baba alikuwa polisi kutoka kaskazini, na majirani zetu walitoka kila pembe, kwa hiyo uani tulisemeshana Kiswahili, Kiswahili kilichovunjika miguu yote lakini kikatosha kugombana na kupatana. Serikali ilikuwa ya kijeshi na maduka yalikuwa matupu. Sukari tuliisikia kwa jina. Nguo tulifulia majani ya mpapai, na mafuta ya taa mama aliyaficha ndani ya debe dogo chini ya kitanda, akatuapia kwamba atakayeligusa atakiona cha mtema kuni. Nyama ndiyo usiseme. Sisi watoto tulishindia posho, ndio ugali wetu, na maharage, siku nyingine posho na chumvi, na siku nyingine chumvi yenyewe ikawa imekwenda kuazimwa na haikurudi.

Ng'ambo ya mtaro wetu aliishi Mzee Lutaaya, mwindaji wa wavu kama baba yake na babu yake. Lakini alikuwa mwindaji asiye na mnyama. Nguruwe mwitu walikuwa wamelihama bwawa lile kabla sijazaliwa, nyumba zilipozidi, na wavu wake ulining'inia chini ya paa ukiwa mzima kabisa, kwa sababu kila msimu aliushusha, akaukagua fundo kwa fundo, akashona palipooza na kuurudisha juu. Akina mama walimtania: "Mzee, huo wavu ni wa kuvulia panya?" Naye hucheka tu na kuwakuna mbwa wake wawili, waliovaa kengele shingoni kila siku ya Mungu ingawa hapakuwa na mnyama wa kumfukuza. Basi asubuhi moja ya kiangazi akaja mlangoni kwetu ana tope mpaka magotini, uso umemng'aa utadhani amepata mtoto wa kiume uzeeni. Hakungoja hata kusalimiwa. "Afande, wamerudi!" akamwambia baba. "Nyayo zao nimeziona kwa macho yangu. Wamerudi!"

Sote tulifurahi isipokuwa baba, aliyeuliza walikuwa wametokea upande gani. Mzee Lutaaya akaonyesha kule ng'ambo ya bwawa, kwenye kichaka kisicho na nyumba wala shamba. Baba akaitikia "Haya" na kuendelea kupiga viatu vyake rangi.

Wawindaji wakajikusanya. Wavu ulikuwa wa Mzee Lutaaya, na wa kuchoma mkuki alikuwa Koplo, mwanajeshi aliyepanga chumba njia ya Port Bell. Jina lake hatukuwahi kulitumia, tulimwita Koplo na yeye akapenda hivyo. Bunduki alikuwa nayo, ila alitaka kuonekana mwanamume kwa mkuki. Wanaume wengine wa mtaani walikwenda kupiga kelele na kuswaga. Nguruwe wa kwanza aliletwa uani amebebwa kwenye mti, na hapo nikaiona desturi ya wawindaji wale. Mwenye wavu ndiye anayepasua tumbo, kabla kipande chochote hakijagawiwa. Anatia mkono ndani, anavitoa alivyokula mnyama, anavitazama na kuvipapasa, na kutokana na hivyo anajua kesho ategee wapi. Mimi nilishika karai la matumbo, maana mama ndiye aliyekuwa akiyaosha. Mzee Lutaaya akatoa uji mweupe wenye vipande, akaunusa, akatangaza kwa sauti ya hakimu: "Mihogo. Huyu alikuwa kwa akina mama wa kule juu. Kesho kutwa tunawangoja hapo." Watu wakapiga vigelegele. Nyama ile tuliila mpaka tukasahau heshima. Baba peke yake alisukuma sahani yake, akasema tumbo lake halipatani na nyama ya porini, yeye aliyekulia kwa wawindaji! Mama akamwambia kama anajidai mzungu basi atafune kofia yake.

Nguruwe wa pili alikuwa mnono, mnono wa kuchukiza, mafuta chini ya ngozi yamejaa kama siagi. Koplo alikuwa na haraka ya kurudi kambini na fungu lake, mguu wa nyuma. Mzee Lutaaya alipoinama na kisu kidogo ili apasue tumbo, Koplo akamsukuma begani. "Mzee, wewe nataka nini na mavi? Nyama iko hapa!" Akalikata tumbo lote na kuwatupia mbwa, nyama ikagawiwa. Mimi nilipata kipande chenye mafuta pembeni, nikakitafuna polepole ili kisiishe, na mafuta yakanitiririka mpaka kwenye kiwiko. Naandika haya na mate yananijaa mdomoni, lakini si mate ya kutamani. Ptu!

Kuanzia siku ile furaha ya Mzee Lutaaya iliingia doa. Alikuja kukaa na baba barazani, nami nilikuwa pale nikichambua maharage, nikamsikia. Nguruwe wamerudi, alisema, Mungu ashukuriwe, wavu wa baba yake umelowa damu tena, na usingizi wake umekuwa mtamu kama wa kijana. Lakini hawa hawaendi kama nguruwe anaowajua. Wanatembea mchana. Wakisikia binadamu hawakimbii, wanasimama na kunusa. Tena ni kiangazi, mashamba makavu, wao wananenepa. "Wananenepea nini, Afande?" Baba akainama, akaanza kuchambua maharage nami. Alijua, na Mzee Lutaaya naye alianza kujua, na kusema kweli mji mzima ulijua kwamba malori ya jeshi yalikuwa yakiingia kichaka kile cha ng'ambo na kutoka matupu, na kwamba watu waliotiwa ndani ya buti za magari hawakuonekana tena. Ilijulikana hivyo na haikusemwa. Mtu aliyesema, kesho yake mkewe ndiye aliyekuwa akizunguka kwenye vituo vya polisi na picha mkononi, akimuuliza kila afande, baba yangu akiwamo.

Nguruwe wa tatu aliletwa mchana wa Jumamosi. Uani palijaa watu, kila mtu na sufuria yake, kwa kuwa habari za mafuta yale zilikuwa zimefika mbali. Safari hii Mzee Lutaaya alikataa kusukumwa. Alisema wavu ni wake na desturi ni ya wazee wake, asiyetaka aende akanunue nyama buchani, kama ataipata. Koplo akacheka na kuwasha sigara. Nikashika karai. Mzee akapasua, akatia mkono, akapapasa, kisha mkono ukasimama. Aliuvuta nje kidogo, na mimi niliyekuwa nimeinama karibu yake nikaona alichoshika: kola ya shati. Ilikuwa na milia ya buluu chini ya ule uchafu, na kifungo chake cha juu kilikuwa bado kimeshonwa mahali pake. Alinitazama, nikamtazama. Akairudisha kola ndani ya tumbo, akalifumba kwa viganja vyote viwili kama anayeziba jeraha.

"Ssebo, hii nyama iko na gonjwa," alimwambia Koplo kwa heshima. Sauti haikuwa yake.

"Gonjwa wapi?" Koplo akatupa sigara. "Mimi naona mafuta tu!"

Watu wakaanza kunung'unika. Mwanamke mmoja akasema Lutaaya ameingiwa na tamaa, anataka kuipeleka nyama Nateete akaiuze kwa magendo. Mwingine akamwambia aondoe mikono, watoto wana njaa. Mzee Lutaaya alibaki amepiga magoti, mikono imezama tumboni mwa nguruwe. Angewaonyesha, uani palikuwa na Koplo, na huenda wako wengine waliopeleka maneno. Asingewaonyesha, tungekula. Jasho lilimtoka likadondokea mikononi mwake, na mimi sikuthubutu hata kulitua karai chini.

Baba ndiyo kwanza alikuwa anarudi kutoka kazini, bado yumo ndani ya sare. Aliangalia mikono ya mzee, akaangalia uso wangu, akaingia ndani. Alitoka na debe la mafuta ya taa la mama, yale mafuta yetu yote, akayamwaga juu ya nyama kuanzia kichwani hadi mkiani bila kubakiza tone. Watu walipiga ukelele ambao sijausikia hata msibani. Mama alishika kichwa. Koplo akamkaba baba kola. "Polisi, wewe nalewa?" Baba akamjibu taratibu, "Iko na minyoo. Watu wakikufa hapa, Koplo, ni wewe utajibu wakubwa?" Wakatazamana. Koplo alikuwa katili lakini aliwaogopa wakubwa zake, akamwachia, akatema mate kwenye nyama na kuondoka.

Nyama ikafukiwa shimo moja. Tumbo Mzee Lutaaya alilichimbia shimo lake peke yake, nyuma ya nyumba yake, refu, akalishusha kwa mikono yake yote miwili, kisha akavua kofia na kufanya ishara ya msalaba. Watu walimwona. Wakacheka kwa hasira, wakasema mzee amerukwa na akili, anamzika nguruwe kama ndugu yake. Jioni ile aliushusha wavu wa baba yake, ule aliouhifadhi miaka yote bila mnyama, akaukatakata kwa panga na kuuchoma. Kengele za mbwa akazivua. Hakuwinda tena mpaka anakufa, na mtaani wapo waliomchukia mpaka anakufa, kwa sababu ya sufuria zao tupu.

Mimi nilitapika mpaka nikatoa maji machungu. Si kwa sababu ya kola peke yake. Nilikuwa nimekumbuka yule wa pili, mnono, ambaye tumbo lake walipewa mbwa. Nilipokuwa msichana mkubwa, utawala ule umekwisha anguka, nilimuuliza baba kama alikuwa akijua tangu mwanzo. "Nilikuwa nashuku tu," akasema. "Na nyinyi mlikuwa na njaa." Nilimpenda baba yangu, Mungu amrehemu, na siku ile yeye ndiye aliyetuokoa. Lakini jibu lile sijalimeza, na wala sina mpango wa kulimeza.

Sasa bwawa lile limejazwa kifusi kwa sehemu kubwa, yamejengwa maghala na majumba ya ghorofa yanayotazama ziwa, na watoto wa Luzira hawana wanapoonea mafunjo. Juzi amekuja kwangu Kato, mjukuu wa Mzee Lutaaya, kijana mzuri mwenye shamba nje ya mji, huko ufukweni. Alikuwa amebeba kitu kilichofungwa kwa majani ya mgomba, na furaha yake niliitambua kabla hajafungua mdomo, kwani ilikuwa ile ile ya babu yake. "Shangazi, nguruwe mwitu wamerudi kwetu! Wanatumalizia mashamba, jana tumemkamata mmoja. Nimekuletea paja." Harufu ya damu ikanipata, nikashika fremu ya mlango.

"Mlipasua tumbo?" nikamuuliza.

Alishangaa. "Tulipasua."

"Alikuwa amekula nini?"

"Mihogo, shangazi."

"Na nini kingine?"

"Mihogo tu. Mihogo mitupu!" Akaanza kucheka, kisha akaniona machozi na kicheko kikamfia. "Kwani shangazi ulitaka tukute nini?"

"Hiyo hiyo mihogo," nikamwambia. Nyama nilimrudishia akawapikie watoto wake, nami nikaenda kunawa mikono, ingawa sikuwa nimeshika kitu.