Mstari Nilioukwangua Kwenye Reale

Bwana Mtengenezaji wa gazeti, jina langu liache, usilichapishe. Kosa ni langu peke yangu, sikutumwa na mtu wala sikuwa nimelewa, na tangu nilitende sijaonja raha.

Mimi ni fundi wa fedha hapa Shinyanga. Kazi nilifundishwa na Mhindi mmoja mwenye duka karibu na stesheni, mtu wa maneno machache na macho makali. Kwake nilijifunza kutambua reale za zamani, sarafu zile za fedha ambazo wapagazi walirudi nazo kutoka pwani enzi za misafara ya pembe, wakazitoboa na kuwavisha watoto wao shingoni. Iko reale ya Sham, yenye picha ya mama mnene. Iko reale ya mzinga, yenye nguzo mbili kama mizinga. Na iko ya Merikani, adimu kuliko zote, yenye mwanamke aliyefumua nywele, nyota zikimzunguka, na tai upande wa pili.

Nilikuwa na majivuno, sikatai. Wengine waliona fedha tu. Mimi nilikuwa nikilitazama shavu la yule mwanamke nakuambia reale imetembea mikononi kiasi gani, nikipapasa ukingo nakuambia imepunjwa au ni nzima. Watu wakanijua, wakawa wakinitafuta mimi na kumruka yule Mhindi, fundi wangu.

Siku moja akaja mama kutoka upande wa Kolandoto. Nitamwita Mama Kabula. Alileta reale ya Merikani, kile kipete cha kupitishia uzi kimekatika. Akanieleza kwamba marehemu baba yake alirudi na reale mbili kutoka pwani, moja akamvisha yeye na moja kaka yake. Kaka alichukuliwa na Wadachi, ndio Wajerumani, kubeba mizigo ya vita, mama huyu akiwa bado mtoto wa kubebwa. Hakurudi. Kisha ile homa iliyokuja baada ya vita ikawachukua wazazi wote wawili.

Nikatengeneza kipete. Halafu, kwa kujionyesha tu, nikaona niing'arishe yote. Usoni palikuwa na mstari mwembamba uliovimba, umeanzia ukingoni, ukapita kwenye nyota, ukaingia katika nywele. Nikadhani ni lehemu iliyodondoshwa na fundi mbovu. Nikachukua tupa, nikaukwangua mpaka ukaisha. Mama Kabula alipoiona inavyong'aa alicheka kwa furaha.

Alipokwisha kuondoka, fundi wangu akaona unga wa fedha mezani, akaniuliza. Nikamweleza. Alinishika sikio.

"Mjinga wewe. Ile si lehemu. Reale haimiminwi, inagongwa kati ya vyuma viwili. Chuma kikipata ufa, kila reale inayogongwa nacho inatoka na mstari ule, pale pale. Ndivyo zinavyojulikana kuwa ni za chuma kimoja. Na mwenyewe akijua umemkwangulia fedha yake, atasema umemwibia. Siku hiyo utatoka dukani kwangu."

Sikumwambia mama. Niliona ni jambo dogo.

Mavuno yakapita. Mama Kabula akarudi na mumewe, na nyuma yao mwanamume ambaye uso wake umeharibiwa na ndui. Mtu huyo alisema ndiye kaka aliyepotea. Vita vilipokwisha alikwama kusini, akafanya kazi katika mashamba ya katani mpaka akapata njia ya kurudi. Mume hakumwamini hata kidogo. Siku zile watu wengi walikuwa wakija na hadithi za vita, wakitaka ng'ombe wa marehemu.

"Mwangaluka, fundi," akanisalimu Mama Kabula.

"Mwangaluka, mama."

"Huyu naye ana reale. Mimi sura ya kaka yangu siikumbuki. Lakini baba alikuwa akisema zile reale ni pacha. Wewe ndiye unayejua. Zikiwa pacha, huyu ni wetu, ataingia nyumbani. Zisipokuwa, aende zake."

Nikaziweka pamoja juu ya kitambaa. Jamani! Nyota ile ile imegusa herufi ile ile. Unywele ule ule umejipinda juu ya sikio. Na kwenye reale ya yule mwanamume, mstari: ukingoni, nyotani, hadi kwenye nywele. Nilijua hata kabla sijaketi vizuri.

Nililotakiwa kusema lilikuwa fupi: mama, yako nayo ilikuwa na mstari huu, mimi niliukwangua. Basi. Lakini fundi wangu alikuwa nyuma yangu anapima bangili, na mume wa mama alikuwa amenikazia macho. Moyoni nikamwona akinitangaza sokoni kuwa mwizi wa fedha. Nikaona mlango wa duka ukifungwa nikiwa nje. Niliogopa.

Nikasema, "Hii ina mstari, ile haina. Si pacha."

Yule mwanamume hakubisha. Akaniangalia kwa upole, akauliza, "Fundi, umeangalia vizuri?"

"Nimeangalia."

Akamgeukia Mama Kabula. "Ilumbu," akamwita, ndiyo kusema dada yangu. Mama akachukua reale yake. Mumewe akamshika mkono wakaenda zao. Yule mwanamume akaivaa reale yake, akatoka. Baadaye nikasikia ameshika njia ya Geita, kwenye dhahabu.

Nilijiambia kesho nitamwendea mama nimweleze. Kesho ikawa kesho kutwa, na mvua zikaanza, na mimi nikapata visingizio vya kila namna.

Kisha mchimbaji mmoja kutoka Geita akaja kuuza reale ya Merikani. Nikaigeuza kwenye mwanga. Mstari.

"Mwenyewe yuko wapi?" nikauliza.

"Shimo limemfukia. Tulipokuwa tukimuuliza kwao ni wapi, alisema hana kwao."

Nikainunua. Ninayo hapa ninapoandika.

Tangu siku ile, nikishika reale yoyote kidole changu kinatafuta mstari, hata wateja wananiuliza nimepoteza nini. Nikiwa na tupa mkononi, mchana kweupe, watu wamejaa dukani, naisikia sauti ile: fundi, umeangalia vizuri? Nageuka. Hakuna aliyesema. Nilikwenda kwa mwalimu wa msikitini, akaniambia nirudishe haki kwa mwenyewe. Nikamwambia mwenyewe amekwisha kufa. Akasema, "Dada yake hajafa."

Mafundi wenzangu, na kila mwenye kushika mali ya watu, mkiharibu kitu semeni siku ile ile, wakati hasara bado ni ya fedha tu. Msingoje kama mimi.

Nawaonya hivyo, na mwenyewe sijatenda. Mama Kabula bado huja dukani. Huniletea maziwa ya mgando, shukrani kwa kumwokoa na laghai. Juzi alikaa, tukazungumza habari za pamba na za watoto. Akasema bado anamngojea kaka yake, maana wapo wanaorudi hata leo.

"Akija nitamleta kwako kwanza," akasema. "Mwingine simwamini."

Nikamwambia, "Mlete, mama."