Vidole Viwili Nilivyoviacha Milima ya Alpi

Nyinyi vijana wa mtaa wetu wa Mahabibo mnaokwenda kusoma Ufaransa, sogeeni. Leo navua soksi mbele yenu, na haikuwa kazi ndogo kufika hapa.

Nilikuwa mtu wa mpira, winga wa kushoto, na kwa maringo sikuwa na mpinzani Mahajanga nzima. Mwaka wa pili wa uhuru nikachaguliwa kwenda Ufaransa kusomea ualimu wa michezo. Siku nane kabla ya safari nikamuoa Zaina. Mwenyewe alinipaka hina ya harusi nyayoni na vidoleni, ikakolea mpaka ikawa nyeusi.

Huko wakatupeleka wiki moja milimani, kujifunza kupanda kwa kamba na viatu vyenye meno ya chuma. Siku ya kwanza wenzangu wakaiona miguu yangu, hina imebaki kwenye kucha. "Bibi harusi kaja!" Walicheka hadi wakakaa chini. Tangu hapo sikuvua soksi mbele ya mtu.

Siku ya tatu theluji iliingia kwenye kiatu. Vidole vya mguu wa kushoto viliuma sana, kisha maumivu yakaisha ghafla. Nikashukuru, kumbe ndilo balaa lenyewe! Tulipofika kibandani mwalimu akaamuru kila mtu avue viatu na soksi ili akague miguu.

"Na wewe?"

"Mimi mzima, mwalimu."

Akauliza tena, nikaapa. Nililala na soksi mbichi, asubuhi nikapanda tena. Tukiwa tunashuka nikaanguka, maana sikujua kama mguu umegusa chini. Mwalimu alikata kamba za kiatu kwa kisu. Vidole vilikuwa vyeupe, vigumu kama mshumaa, kucha tu ndizo zenye hina. Hakucheka. Alinibeba mgongoni mpaka chini.

Hospitalini waliutia mguu kwenye maji ya vuguvugu. Jamani! Nililia nikimwita mama yangu aliyekuwa Andilana, kule kisiwani Nosy Be. Yakatoka malengelenge ya damu, vidole vikaanza kunuka. Daktari, mama mmoja mtu mzima, akaniambia, "Huenda tukaukata mguu wote. Tusubiri kwanza." Tulisubiri wiki sita, nami nikiwaza Zaina atanipokeaje. Mwishowe walikata vidole viwili vidogo, mguu ukabaki.

Nilirudi Mahajanga na fimbo. Zaina aliponivua kiatu alipiga ukelele. "Hina yangu imekuponza!" Majirani nao wakasema hivyo hivyo, eti hina ndiyo iliyoingiza baridi. Nami nikanyamaza. Naona haya kulisema, lakini nilinyamaza. Dada yake alipoolewa, Zaina alikataa kabisa kumpaka hina, akakaa pembeni analia.

Akanipeleka kwa mama yangu, kule Andilana, nijifunze kutembea mchangani. Kila asubuhi alinishika mikono miwili, yeye akirudi kinyumenyume, mimi nikimfuata nikiyumba. Asubuhi moja akasema taratibu, "Nisamehe, bwana. Mikono yangu ndiyo iliyokukata." Moyo ukanishinda. Nikamweleza yote: kicheko, soksi, mwalimu aliyeuliza mara mbili.

Akanitazama. "Yaani uliwaonea haya watu usiowajua, ukaniacha mimi nilie miezi yote hii?"

Akaniachia mikono, akageuka, akaondoka.

"Zaina! Zaina, nisamehe!" Nikamfuata. Alikuwa anakwenda mbio kwa hasira, nami nyuma yake namwomba radhi, mpaka tukafika mlangoni kwa mama. Mama akatoka, akashika mdomo. "Mwanangu, fimbo yako iko wapi?"

Ilikuwa kule pwani. Zaina akageuka akaniona nimesimama peke yangu, akacheka huku machozi yanamtoka, kisha akanitukana vizuri sana.

Namshukuru Mungu, na yule daktari, na yule mwalimu mwenye mgongo wa chuma. Nanyi wanangu, mkiugua ugenini, semeni. Anayejua kazi yake akitaka kuona, mwonyesheni. Wenzangu walicheka siku moja tu, wakasahau. Zaina ndiye aliyelia miezi mitano, na hakuwa amekosa kitu.